Wifi Akiondoka, Niambie

Matroni alikuwa na kanuni moja kuu ya upelelezi, nayo aliitoa bwenini: mtu akilia, usimpe leso, mpe kiti. Leso humpa moyo wa kuendelea. Kwa hiyo alimvutia Fundi kiti, ndipo akagundua kwamba kiti ni cha Fundi, chumba cha kushonea ni cha Fundi, na yeye mgeni ndiye aliyepaswa kukaribishwa. Akarudi kusimama kando ya meza ya pasi kwa heshima zake zote.

Kabla ya kuanza kupeleleza, bibi huyu alilea bweni la wasichana hadi nywele zikabadilika rangi, na jina la cheo likamganda. Hakuna mwizi wa sukari, mruka uzio wala mgonjwa wa kujifanya aliyewahi kumpita. Sasa alipeleleza ndoa. Alisema kazi ni ileile, tofauti ni kwamba watuhumiwa wana ndevu.

"Anza mwanzo," alisema. "Na uache kukanyaga hicho cherehani. Utajishona kidole."

"Mwanzo ni mume wangu," alisema Fundi, "na mwisho ni leo. Shangazi yake anakuja saa kumi kusikiliza kesi. Nguo za mume wangu nimeshafunga." Akaelekeza kidevu mlangoni, ambako sanduku lilikuwa limekaliwa na robota la kitambaa ili lisifumuke. "Nikithibitisha, anaondoka yeye. Nikishindwa, Shangazi atasema mimi ni kichaa wa wivu, na nitaondoka mimi. Huyo mama hajanipenda tangu nilipomshonea gauni likambana."

"Lilimbana kweli?"

"Aliongezeka baada ya kupimwa. Kosa si langu."

Matroni akatikisa kichwa kama hakimu aliyesikia hoja nzito. "Ushahidi."

Fundi alikuwa ameusubiri wito huo kwa hamu. Alichukua simu yake juu ya rundo la vifungo, akafungua programu ya kuchati, akaisukuma mbele ya pua ya Matroni. Kulikuwa na picha ya mwanamume aliyevaa kofia ya mpishi, tabasamu limejaa unga. Ubavuni mwa picha kulikuwa na kitone cha kijani, na chini yake neno moja: *Yupo*.

"Saa hizi," alisema Fundi, "mume wangu yuko mbele ya tanuri la mikate. Mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. Simu iko rafuni. Sasa niambie, Matroni wangu. Yupo wapi? Yupo na nani?"

"Na usiku?"

"Usiku! Usiku anakoroma pembeni yangu, simu iko chini ya mto, nami naitazama hapa: Yupo. Mume wangu kajifunza kukoroma kwa uongo."

"Anakoroma vizuri?"

"Kama lori linapanda mlima. Ni msanii. Sikujua nimeolewa na msanii."

"Kipo kingine?"

Kilikuwepo. Fundi akateleza kidole, picha nyingine ikatokea: msichana wa kazini kwa mumewe, yule anayepima unga. Wote pale kiwandani walimwita Mizani. Naye alikuwa na kitone cha kijani.

"Namba yake umeipata wapi?"

"Alikuja kushona sare. Hapa hapa! Nikampima kiuno kwa mikono yangu hii."

"Kikoje?"

Wivu ukampanda Fundi shingoni, ukaonekana ukipanda. "Kizuri," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. "Sasa sikia. Mchana wakitoweka, wanatoweka pamoja. Kitone hiki kikizima, na kile kinazima. Wakirudi, wanarudi pamoja. Taa mbili, swichi moja. Siku nyingine niliwapelekea chakula nikawakuta wamegusanisha vichwa juu ya simu ya mume wangu, wanachekeana. Mtu na kaka yake hawachekeani hivyo."

"Anamwita kaka?"

"Anamwita kaka, na mimi ananiita wifi. Ndiyo inayoniuma. Sumu imewekwa sukari." Akafungua picha aliyoipiga siku mumewe alipokuwa anaoga. Ilikuwa ya kioo cha simu ya mume, na juu ya kioo kulikuwa na ujumbe wa kawaida, ule usiohitaji intaneti, kutoka kwa Mizani:

*Kaka, wifi akiondoka tu niambie.*

Na chini yake mwingine, wa siku hiyohiyo:

*Wifi karudi. Zima simu kwanza.*

"Siku hiyo," alisema Fundi, akitamka kila silabi kama anaibandika ukutani, "nilitoka kwenda kununua zipu. Nikaondoka. Nikarudi."

Matroni alivua miwani, akaifuta kwa pindo la khanga, akaivaa tena. Katika maisha yake ya bwenini alikuwa ameona ushahidi wa kila namna, pamoja na embe lililofichwa ndani ya soksi iliyovaliwa, lakini huu ulikuwa umeiva. Hata yeye alihisi moyo wake unamkasirikia yule mpima unga. Alijizuia. Swali moja lilimkera.

"Wana programu ya kuchati, na humo wapo asubuhi mpaka asubuhi. Kwa nini hili waandikiane kwa ujumbe wa kawaida?"

"Ujanja."

"Ujanja gani huo wa kuacha njia yenye siri na kupita barabarani?"

Fundi alishika mkasi, akaanza kukata uzi ambao haukuwa na kosa lolote.

Kiwanda cha mikate kilikuwa jengo refu lenye paa la bati na harufu iliyomkumbusha mtu kwamba hakunywa chai vizuri. Matroni aliingia kama mteja. Alisema anatafuta mikate ya shule, na uso wake ulisaidia: hakuna aliyeutazama uso ule akafikiri jambo jingine isipokuwa shule.

Meneja alimpokea ofisini. Alikuwa mwembamba, mpole, na alipenda chai mapenzi ambayo mkewe, kama alikuwa naye, angepaswa kuyatafutia mpelelezi. Birika la umeme lilikaa juu ya kabati nyuma yake kama picha ya baba mzazi.

"Mikate yenu ni mizuri," Matroni alianza, "ila nimesikia siku hizi inakuja na ngozi nyeusi."

Meneja aliguswa. "Mama, umesikia kweli. Mkuu wangu wa tanuri, tunamwita Tanuri kwa heshima, alikuwa hana mpinzani. Mwezi huu ananiokea mkaa."

"Anaumwa?"

"Angeumwa ningempa ruhusa. Anatoka! Mkate uko motoni, yeye anachukua simu rafuni, anatokea mlango wa nyuma, anaitazama, anarudi amenuna. Nikimuuliza, anasema 'hamna kitu bosi.' Mtu akisema hamna kitu, kitu kipo."

Matroni aliafiki kimoyomoyo. Ushahidi ulikuwa unazidi kunenepa. Mwanamume anayeunguza mikate kwa ajili ya simu ana jambo, na jambo hilo si bei ya unga.

"Naomba nione mnavyopima," alisema.

Chumba cha kupimia kilipakana na ofisi, ukuta wa mbao ukiwatenganisha. Mizani alikuwa anamimina unga kwa kata, jicho kwenye sindano ya mizani, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Sare ilimkaa. Tuseme ukweli mbele ya mahakama: ilimkaa vizuri kupita kiasi, na Matroni akaelewa kwamba Fundi, siku alipoishona, aliishona kwa ustadi wote aliokuwa nao, na sasa ustadi huo ulikuwa unamtafuna mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sare nzuri."

"Eh, kanishonea wifi yangu. Mke wa kaka Tanuri." Akageuka ili mgeni aone na nyuma. "Mkono wake ule haupo mjini hapa. Tatizo siku hizi kanibadilikia. Zamani alikuwa ananichekea mpaka gego la mwisho. Sasa nikipita dukani kwake ananitazama kama nimemwibia kuku anayetaga."

"Na hukumwibia?"

Mizani alicheka, kisha akaona kwamba mgeni hachekani naye. Kata ikasimama hewani. "Mama, wewe kweli umekuja kununua mikate?"

"Nimekuja kuuliza. Siku moja ulionekana na Tanuri, vichwa vimegusana, simu moja."

"Nilikuwa namwekea simu yake sawa."

"Sawa namna gani?"

"Sawa ya—"

Hapo sauti nzito ikavuma kutoka upande wa matanuri, sauti ya mtu aliyezoea kushindana na moto:

"Mizani! Wifi kaondoka!"

Msichana alitupa kata ndani ya unga. "Samahani mama, ngoja nikamrudishe wifi, huyu naye," akatoka mbio.

Matroni, ambaye hakuwahi kukimbia tangu bweni lilipoingiwa na nyoka, alikimbia. Alifika kwanza dirishani, akachungulia barabara kumtafuta Fundi anayeondoka. Barabara ilikuwa na mbuzi mmoja tu, na mbuzi hakuwa anaondoka. Akageuka, akamfuata Mizani ofisini.

Alichokikuta humo hakikufanana na usaliti wowote aliowahi kuuona. Meneja alikuwa amesimama mbele ya birika, mikono nyuma, anasubiri lichemke. Waya wa birika uliingia kwenye tundu la pekee la umeme ukutani. Sakafuni, plagi nyingine imelala kama mgonjwa, na mwisho wa waya wake kulikuwa na kisanduku cheusi cha intaneti, taa zake zote zimekufa.

"Bosi," alisema Mizani, "umemng'oa tena."

"Kikombe kimoja tu, binti yangu."

"Kila siku kikombe kimoja, na kila siku mara hamsini."

Walisubiri wote watatu mpaka birika likapiga kelele. Mizani akachomoa, akachomeka kisanduku, akakipigapiga mgongo kama mtoto aliyepaliwa. Taa ya kwanza ikawaka, ya pili ikafikiri, ya tatu ikakubali. Msichana akatoa simu mfukoni, akaandika upesi kwa kidole gumba. Matroni alisimama nyuma ya bega lake bila haya. Haya si kifaa cha kazi.

*Wifi karudi. Zima simu kwanza.*

Meneja akavuta chai kwa mluzi.

"Binti," alisema Matroni polepole, "huyu wa kwenye kisanduku ndiye wifi?"

"Ndiye huyo mama. Wi-Fi. Lakini hapa kiwandani tunamwita kama mtu kabisa, wifi yetu. Si unaona tabia zake? Ananuna bila sababu. Akiondoka haagi, akirudi hasalimii, na ukimsogelea sana anataka nywila."

Matroni alikaa bila kukaribishwa. Alikuwa amefundishwa ngeli kwa fimbo na yeye akafundisha wengine kwa jicho, lakini hakuwahi kufikiri kwamba siku moja ndoa ya watu ingening'inia kwenye herufi moja. Laiti Mizani angeandika *ikiondoka*! Kitu kingebaki kitu, na Fundi angeendelea kushona. Aliandika *akiondoka*, akakipa kisanduku uhai, na kisanduku kikaingia nyumbani mwa watu kama mke wa mtu.

"Kwa nini Tanuri ndiye anayekuambia ameondoka?"

"Kwa sababu haachi kuangalia simu. Wifi akikohoa tu, kaka kajua. Na huku ndani mtandao wa simu hauingii sawasawa, bati hili. Ujumbe wa kawaida unapenya kwa shida, kuchati hakupenyi. Ndiyo maana namwandikia wa kawaida."

"Na kuzima simu?"

"Simu yake ni mzee. Wifi akirudi haimtambui mpaka izimwe na iwashwe. Sasa shida ilikuwa hapo. Kaka anapokea oda za maduka kwenye kuchati. Akiwasha simu anasahau kuifungua programu, oda zinapotea, Bosi anapiga kelele. Nikaingia kwenye mipangilio yake." Akachukua simu yake mwenyewe, akamwonyesha. Kulikuwa na vitufe viwili vya kuteleza, vyote vimewashwa. Cha kwanza: *Ianze yenyewe simu inapowashwa.* Cha pili: *Iendelee kufanya kazi hata ikifungwa.* "Hivi. Ukiwasha simu, programu inaamka yenyewe. Ukiifunga, inabaki macho chinichini, inasikiliza. Nimejiwekea na mimi."

"Na neno *Yupo* linatoka wapi?"

"Linatoka hapo hapo. Ikishika mtandao tu inasema upo."

"Hata ukilala?"

"Hata ukifa mama, ilimradi chaji ipo."

Mlango wa nyuma ulilia bawaba. Kupitia dirisha la ofisi Matroni alimwona mwanamume mpana, kofia nyeupe, anatoka na simu mkononi. Tanuri. Alizima, akawasha, akasubiri. Kisha akatazama kioo. Hakuandika. Kidole gumba kilikaa hewani kama nzi anayetafuta pa kutua, halafu kikarudi mfukoni bila kutua. Aliguna, akaingia ndani kwenye mkate ambao bila shaka ulishaanza kuungua.

Mizani alikuwa pale pale ofisini, hatua chache kutoka kwa Matroni, simu mkononi. Haikulia.

Basi Tanuri hakuwa anamtazama Mizani. Na uso ule wa wivu, Matroni alikuwa ameuona tayari asubuhi kwa Fundi, juu ya rundo la vifungo.

Saa kumi ilikuwa inakaribia Matroni na Tanuri walipofika kwa Fundi. Tanuri aliona sanduku mlangoni, akalitambua shati lake lililobanwa na kifuniko, mkono mmoja umetoka nje kama unaomba msaada. Alikaa ukingoni mwa kiti, mikono katikati ya magoti, unga ungali kwenye nyusi.

"Umemleta na yule?" Fundi aliuliza.

"Yule anapima unga," alisema Matroni. "Leta simu yako. Na wewe baba, weka yako mezani. Izime."

Tanuri akaizima. Kwenye simu ya Fundi kitone cha mumewe kikafifia, kikatoweka.

"Unaona?" alisema Fundi. "Kaenda."

"Kaenda wapi? Si huyu hapa kakaa? Mguse."

Fundi alikataa kumgusa. Akamwangalia tu, kwa jicho ambalo lingekausha nguo.

"Sasa baba, iwashe, kisha peleka mikono kichwani, kama umekamatwa."

Tanuri alibonyeza, akainua mikono. Wote watatu wakainama juu ya meza. Simu mzee iliimba wimbo wake wa kuamka, ikajikongoja, ikaonyesha saa. Hakuna aliyeigusa. Hakuna aliyeifungulia programu. Na kwenye simu ya Fundi, kitone cha kijani kikachomoza kama chipukizi: *Yupo.*

"Ana kidole cha siri!" Fundi aliruka.

"Vidole vyangu kumi viko kichwani, mke wangu. Hesabu."

"Cha mguu!"

"Nimevaa viatu!"

Matroni akagonga meza kwa kijiko, jinsi alivyozoea kunyamazisha bwalo. "Bwenini," alisema, "tulikuwa tunaita majina kila jioni. Ninaita jina, mtu anaitikia. Sasa kuna watoro, na kila mtoro ana rafiki. Naita jina la mtoro, rafiki kutoka kona ya giza anajibu: *Yupo!* Mwenyewe yuko nje ya uzio anakula miwa. Mama Fundi, simu ya mumeo ni rafiki wa namna hiyo. Imewekwa iamke yenyewe, na ikifungwa isilale. Anapokoroma, anakoroma kweli. Simu ndiyo inayoitikia."

Kisha akaeleza yaliyobaki: kisanduku, birika, tundu moja la umeme, vitone viwili vinavyozimwa na kiu ya Meneja. Mwisho akaeleza wifi ni nani. Alipofika kwenye herufi ile, Tanuri aliangua kicheko, kikamfia mdomoni alipoona mkewe hacheki.

Fundi alikuwa ameketi. Mashavu yalimwaka. Mtu aliyekuwa tayari kufiwa na ndoa, akaambiwa mgonjwa ni mzima, hafurahi mara moja. Kwanza anajiuliza kile kilio chote kilikwenda wapi.

"Kwa hiyo hakuna mtu?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Kwa upande wangu hakuna," alisema Tanuri. Akashusha mikono kichwani. Uso wake haukuwa uso wa mtu aliyeachiwa huru. "Sasa nami niulize. Mama mpelelezi, nawe usikie."

"Niko."

"Mimi naingia zamu alfajiri. Natoka humu ndani mke wangu kalala, nimemfunika mwenyewe. Nikifika kazini namtazama: Yupo. Katikati ya asubuhi, wakati wa kushona: Yupo. Usiku nikishtuka kwenda maliwatoni, nikitazama: Yupo, na kanigeuzia mgongo, shuka limefunika kichwa. Mwezi mzima! Naunguza mikate, Bosi ananiita jina la mkaa, mimi naangalia kitone cha mke wangu na kujiuliza, anaongea na nani huyu asiyelala? Sikuajiri mpelelezi. Nilisema ngoja nife nacho."

Fundi aliivuta simu yake karibu.

"Labda na yake imewekwa hivyo," alisema Tanuri, na ilikuwa wazi kwamba aliomba iwe hivyo. "Labda inaitikia tu."

Matroni alichukua simu ya Fundi, akaingia kwenye mipangilio. Alitazama kwa muda kuliko ilivyohitajika. Vitufe viwili vilikuwa pale, na vyote vilikuwa vimezimwa. Programu hii haikuanza bila kuanzishwa. Haikubaki macho ikifungwa. Ikisema *Yupo*, basi kuna jicho la binadamu lililofunguliwa mbele yake.

"Hapana," alisema. Kazi yake ilikuwa kusema ukweli, hata kwa mtu mwenye unga kwenye nyusi. "Hii haiitikii kwa niaba ya mtu. Kila ulipomwona yupo, alikuwepo."

Tanuri alisimama. Kiti kilianguka, hakuna aliyekiinua. "Nani?" alimuuliza mkewe. "Nitajie. Ni yule muuza vitambaa? Ni yule wa vifungo anayekupunguzia bei? Nani, usiku kucha, huku mimi nimelala pembeni yako?"

Fundi aliitazama ile meza, na simu mbili juu yake, na vitone viwili vya kijani vikitazamana.

"Wewe," alisema.

"Mimi nini?"

"Ulikuwa wewe. Nilikuwa nakuangalia wewe." Akaigusa simu ya mumewe kwa kidole. "Nafungua, naona upo, nakaa nasubiri uondoke. Huondoki. Nakaa. Siwezi kulala wewe ukiwa upo."

Tanuri alibaki amesimama, midomo ikihesabu jambo ambalo halikuwa hesabu. Alikuwa amelinda mlango, mkewe akiulinda kutoka upande wa pili, na kila mmoja akisikia pumzi ya mwenzake akidhani ni mwizi. Matroni aligeukia ukuta, akasoma kalenda ya mwaka uliopita kwa makini makubwa.

"Usiku kucha?" Tanuri aliuliza.

"Usiku kucha."

"Mwezi mzima?"

"Usinihoji kama mwizi, macho yenyewe yananiuma."

Aliokota kiti, akakiweka karibu na cha mkewe kuliko kilivyokuwa, akakaa. Kisha wivu, ambao haujui kustaafu, ukamnong'oneza jambo jipya, nalo likamtoka kabla hajalizuia.

"Na kabla hujaanza kuniangalia mimi, ulikuwa unamwangalia nani?"

"Baba!" alisema Matroni.

"Nauliza tu!"

"Mwulize na yeye," alidakia Fundi, "ni nani aliyemfundisha kunyemelea kitone cha mke wa mtu alfajiri!"

"Wewe ndiye mke wangu!"

"Ulijuaje kwamba ni mimi nilikuwa nimeshika simu?"

Mlango uligongwa mara moja na kufunguliwa mara moja, kwa utaratibu wa mtu asiyesubiri kukaribishwa katika nyumba ya mtoto wa kaka yake. Shangazi aliingia na pochi yake chini ya kwapa. Aliliruka sanduku, akamtazama Matroni kutoka kichwani mpaka kwenye viatu, akajiwekea kiti upande wa pili wa meza, akakaa, akapumua.

"Shikamoo Shangazi," walisema wawili pamoja.

"Marahaba. Nimetoka mbali na magoti yananiuma, kwa hiyo tusizunguke. Kesi imeitwa, nimekuja. Anayeshtaki ni nani?"

Mikono miwili ikainuka juu ya meza, wa mume na wa mke. Ile mingine miwili ilikuwa chini ya meza, imeshikana.